Miche Minne ya Bibi Lusha na Pipa la Jirani

Nilimkuta bibi yangu amejifunga kile kitambaa chake cheupe cha ibada, amesimama mbele ya miche minne ya bangi, anaiimbia wimbo wa mazishi.

Sitanii. Beti zote.

"Bibi, nani kafa?"

"Bado. Nafanya mazoezi."

Nikacheka. Kisha nikaacha, maana muuaji nilikuwa mimi.

Naitwa Sava Perepolkin, mwanafunzi wa bweni, mtaalamu wa kutia chumvi kwenye sukari ya walimu. Nilikuwa likizo nyumbani kwetu bondeni, mji wa Grand Forks, kwa Bibi Lusha.

Bibi ana baridi yabisi. Vidole vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Mwanamke aliyelisha mikutano mizima ya ibada kwa pirahi zake, yale maandazi yaliyojazwa kabichi, majira ya baridi yaliyopita aliniomba nimfungie kitambaa kichwani. Aliomba huku anatazama ukuta.

Kitu pekee kinachomlegezea vidole ni mafuta anayopikia majani ya mmea ule. Sheria ya nchi yetu inaruhusu miche minne kwa nyumba. Mbegu alipewa na rafiki yake, nne tu, na rafiki mwenyewe keshafariki. Mimi kwa umri wangu siruhusiwi hata kuionja, na sijaionja. Kazi yangu ilikuwa maji.

"Maji matupu, Sava," aliniambia akienda mji wa Castlegar kwenye kwaya, kwa siku tatu. "Kidogo. Usiwape kitu kingine."

"Ndiyo, Bibi."

Mlango ulipofungwa, shetani wangu akaamka.

Niliwaza: vipi akirudi akute msitu ndani ya chumba? Nilishaanza kuona sura yake.

Na bondeni kwetu kila mtu anajua majitu ya mboga yanatoka wapi. Yanatoka kwenye pipa la Babu Timofey, jirani yetu. Samadi ya kuku, imelowekwa tangu vuli. Kabichi zake ni kubwa kama kichwa cha ndama, na harufu ya pipa hilo inaweza kumtoa mtu usingizini.

Nikachota jagi bila ruhusa. Nikaimwagilia miche yote.

Kesho yake ncha za majani zikawa njano. Profesa Perepolkin akavaa uso wa daktari, akapima, akatoa jibu: njaa!

Nikaongeza jagi la pili.

Bibi aliporudi, ncha zilikuwa kahawia kama karatasi iliyopitiwa na kiberiti. Majani yalikuwa ya kijani kizito, yamejikunja chini kama kucha za kuku. Juu ya udongo kulikuwa na ukoko mweupe.

Hapo ndipo alipoimba.

Alipomaliza alivaa miwani, akainua jani kwa kile kidole kilichopinda.

"Hawa hawana njaa wala kiu. Wamelishwa kupita kiasi, mizizi imeungua. Nani kawalisha?"

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Babu Timofey alipita hapa jana."

Ilikuwa kweli. Alileta mayai. Mimi niliiacha tu sentensi ikae pale, ifanye kazi yake.

Bibi akachukua simu. Akampigia aje.

Mzee akaja hata koti hajafunga. Akaitazama miche. Akanitazama mimi. Kisha akatazama buti zangu, zilizogandwa na tope la pipa lake.

Nikajua kimenuka, kwa maana zote za neno hilo.

Akavua kofia. "Pipa ni langu," akasema.

Kwa imani yetu sisi, mtu akiomba msamaha husujudu mpaka paji la uso liguse sakafu, kwa sababu Mungu anakaa ndani ya yule aliyekosewa. Mzee akaanza kushuka. Magoti yakalia. Nikangoja amwinamie Bibi.

Akanigeukia mimi.

"Nisamehe, Sava. Ile ni ya kabichi kubwa, si ya miche michanga kama hii. Ningekufundisha mapema, leo usingehitaji kudanganya."

Natamani angenipiga.

"Nilijua tangu mlangoni," Bibi akasema, akitazama dirisha. "Nyumba nzima inanuka kuku, wewe unanipa habari za Timofey. Nilitaka kuona utamwacha ashuke mpaka wapi."

Nilimwacha mpaka chini.

Nikasujudu, kwake kisha kwa Bibi. Sakafu ilinuka buti zangu.

Kisha tukabeba vyungu mpaka kwenye sinki. Tukamimina maji matupu ya uvuguvugu, taratibu, mengi, mpaka yaliyotoka chini kwa rangi ya chai yakatoka meupe. Tukaviacha vichuruzike. Bibi akapandisha juu kidogo taa inayoimulikia miche, isiichome.

"Sasa hakuna chakula mpaka majani mapya yatoke salama, na hakuna maji mpaka udongo ukauke juu. Yaliyoungua hayaponi, usiyahangaikie. Tazama katikati."

Mmoja ulilala, haukuamka. Mitatu imetoa majani mapya, ncha nzima.

Mafuta yatapungua. Baridi ikikaza mimi nitakuwa bweni, na Bibi atakuwa hapa na vidole vyake. Kwa hiyo kila siku ya likizo nasukuma unga wa pirahi na kuzigandisha kwenye friji, za kumtosha msimu wote. Babu Timofey huja kuonja.

"Chumvi imezidi, mjukuu wangu. Na sisi unataka kutuunguza?"

Funzo ni hili. Ukiona ncha ya jani imeungua, usikimbilie kuongeza. Na ukiona mzee anapiga goti kwa kosa lako, mdake kabla hajafika sakafuni.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu kabisa.