Rangi ya Muhogo

"Mwanasayansi ni nani?" mwalimu wetu pale Musoma alikuwaga anatuuliza. Tunaitikia kwa pamoja: "Ni mtu anayeamini alichokiona kwa macho yake!"

Miaka ile ya uhaba hata sabuni ilikuwa haipatikani, sembuse iodini ya kupimia wanga. Kwa hiyo siku moja akadondoshea kipande cha muhogo maji ya ziwani, akauliza kimegeuka rangi gani. Kitabu kilisema bluu nyeusi, basi darasa zima likapiga kelele: "Bluu nyeusi!"

Mimi nikasema ni cheupe. Nikachapwa mbele ya wenzangu, eti sina akili ya kisayansi.

Kengele ilipolia, mtaalamu wetu akakitafuna kile kipande cha bluu nyeusi chote, na meno yake yakabaki meupe pee.