Mkono Mpaka Chini ya Gunia

Wilkista Ogola haamini gunia la mtu. Ana miaka kumi na minane akiwa karani wa kituo cha majani ya chai karibu na Merigi, na mkulima akishusha mzigo, yeye hana habari na yaliyo juu. Juu kila mtu huweka majani mazuri, yale mawili laini na kichipukizi chake. Wilkista hukunja mkono wa sweta, akautumbukiza mpaka chini kabisa, akaibuka na kile mwenyewe alichoomba kisionekane: majani magumu, vijiti, siku moja hata jiwe. Hapo humwaga gunia lote mbele ya watu. Wakulima humteta kwa Kikipsigis wakidhani haelewi, naye huwajibu kwa Kikipsigis hicho hicho, kwa lafudhi ya kwao Siaya.

Basi mtu kama huyo ndiye aliyefanya kosa ninalotaka kulisimulia.

Binti yake Beverly, wa miaka mitano, alizaliwa na kichwa maji. Akiwa mchanga madaktari walimtia mrija mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, wa kuteremsha maji yanayozidi. Mwaka huu mrija uliziba, ukabadilishwa. Wiki tatu baadaye mtoto akashikwa na homa.

Wilkista alikuwa ameambiwa wazi: homa ikija, mbio hospitalini. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, majani yamefurika kituoni, na jirani yake Jentrix alikuwa na vidonge vilivyobaki alipong'olewa jino. Kwa majirani wale dawa huazimwa kama chumvi. Wilkista akafungua kidonge, akamwaga unga wake kwenye uji wa mtoto. Kesho yake homa ikashuka, akajipongeza. Siku ya nne homa ikarudi pamoja na kutapika, akambeba mtoto mgongoni mpaka hospitalini.

"Ametumia dawa yoyote?" daktari akauliza.

"Hapana."

Alidanganya kwa sababu alimtambua daktari. Alikuwa Cheptoo, msichana ambaye zamani, akiwa darasa la saba, alileta majani ya mamake kituoni kabla ya kwenda shule. Wilkista alimmwagia gunia mbele ya foleni nzima, na mtoto wa watu akainama kuchagua kijiti kimoja kimoja huku akilia. Leo huyo huyo amevaa koti jeupe. Wilkista hakuwa tayari kukaripiwa naye. Tena vidonge si vilikuwa vimesaidia? Akaendelea kuvitia kwenye uji hata pale wodini, manesi wakigeuka.

Maji yalitolewa kwenye mrija, yakapelekwa maabara kuoteshwa ili ionekane ni vijidudu gani vimeingia. Siku tatu zikapita bila kitu kuota. Homa nayo ikatulia. Cheptoo akaja akitabasamu.

"Mama Beverly, maji ni safi. Kesho tunawaruhusu muende nyumbani."

Wilkista alipaswa kupiga vigelegele. Akamtazama mwanawe. Shavu lilikuwa baridi, lakini macho yalikuwa nusu wazi, na Beverly, ambaye hugombania kijiko kila mlo, hakugombana na mtu. Kwa juu kila kitu kilikuwa kizuri. Wilkista alizijua bidhaa za namna hiyo, na gunia hili alikuwa amelipanga kwa mikono yake mwenyewe.

Aibu ilimchoma, ila hofu ilimchoma zaidi. Akachukua mkoba wake, akaumwaga wote kitandani: kitana, leso, kopo la mafuta, na chini kabisa vile vidonge.

"Daktari, nilikudanganya. Hii nimekuwa nikimpea kwa uji, hata hapa kwenu. Nigombeze vile unataka, lakini huyu mtoto asiende nyumbani."

Cheptoo alivihesabu vishimo vitupu kwenye karatasi ya dawa.

"Hii dawa haiwezi kuua hao vijidudu, mama. Inawalaza tu, ndio maana maabara haikuwaona. Mngefika nyumbani wangeamka." Kisha akasema, "Nilikuwa darasa la saba ile siku."

"Najua."

"Haya. Tufanye kazi."

Vidonge vikasimamishwa, maji yakatolewa upya, na safari hii vijidudu viliota, tena sugu. Dawa karibu zote zilizojaribiwa juu yavyo hazikuvitisha. Moja tu ndiyo iliyoviweza, ikapitishwa kwenye mshipa. Mrija ulioambukizwa ukaondolewa, maji ya kichwani yakawa yanatokea nje hadi kwenye mfuko uliotundikwa kando ya kitanda. Wilkista aliulinda mfuko huo kama anavyolinda mizani yake. Kuna asubuhi Beverly aliitwa asiitike, na karani mkali wa Merigi alilia kwa sauti wodini bila kujali nani anamwona.

Siku ya kumi na moja mtoto aliomba uji.

"Hii haina dawa?"

"Haina."

"Onja kwanza."

Mama akaonja. Wiki mbili baadaye Beverly alitiwa mrija mpya, wakarudi nyumbani.

Jumatatu ya kwanza kazini, mamake Cheptoo alifika kituoni na gunia lake. Alimshika Wilkista mikono yote miwili, akamuulizia mtoto, na Wilkista akamshukuru kwa kumzaa daktari yule mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akakunja mkono wa sweta. Chini ya gunia alikuta majani magumu, konzi mbili nzima.

"Wilkista, hata mimi?"

"Hata wewe, mama. Nikikuachilia, daktari hatanisamehe."

Akamwaga gunia lote mezani mbele ya foleni. Halafu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu kwa miaka kumi na minane, akainama kando ya mama yule, wakaanza kuchagua vijiti pamoja.