Namba Sitini na Moja Hapatikani

Pale wodini walimwita Mama Simu, na jina likamkaa. Miaka minane kazi yake ilikuwa kuwapigia simu watu waliopasuliwa ini. Si wote, ni wale themanini na wanane wa utafiti wa daktari bingwa, ambaye wauguzi kwa utani walimwita Bwana Ini, naye akiitika. Bingwa alikuwa na njia yake: kwanza anaziba mshipa unaolisha uvimbe wa saratani, anasubiri uvimbe unywee, ndipo anakata. Kila miezi mitatu Mama Simu anapiga kuulizia hali, kisha anajaza kwenye fomu neno moja kati ya matatu: Hai, Amefariki au Hapatikani.

Watu hudhani hiyo ni kazi ya kukaa tu. Thubutu! Umewahi kumuuliza mjane, kwa sauti ya ofisini, mumewe alikata roho tarehe ngapi? Mama Simu aliuliza, akaandika, akasema pole, akapiga namba inayofuata. Akirudi nyumbani hasikii uchungu wala furaha, na hakuona ajabu.

Namba sitini na moja alikuwa dada yake wa tumbo moja, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Bingwa hakujua. Kanuni ilikataza mfanyakazi kushika faili la ndugu yake, na Mama Simu hakutaka faili lile lishikwe na mtu mwingine, basi akanyamaza. Dada alipasuliwa, akapona, akanenepa, akaanza tena kumgombeza kuhusu nywele zake. Mwezi wa kumi na nne ugonjwa ukarudi, na baada ya wiki tatu tu akafia nyumbani. Wakamzika Jumamosi. Jumatatu Mama Simu alikuwa kazini, macho makavu, na fomu ya dada yake ndiyo ilikuwa juu ya nyingine zote. Mkono ukaandika Hapatikani.

Utasema ni uongo. Yeye hakuuona uongo. Kwani dada alikuwa anapatikana?

Makala ya Bingwa ikatoka, jamani, ikapaa. Wataalamu wa nchi za mbali wakainukuu, mara mia, mara elfu na zaidi. Na kilichosifiwa kuliko hata kisu chake ni ufuatiliaji: kati ya wagonjwa themanini na wanane, mmoja tu hakupatikana! Kila hilo liliposemwa mbele yake, Mama Simu aliitikia kwa kichwa. Na kila miezi mitatu akaandika tena neno lilelile.

Asubuhi moja Bingwa akaingia na barua mkononi, meno yote nje. Madaktari wa nje walikuwa wanatunga mwongozo wa tiba, wakataka orodha yake iliyokamilika.

"Mama Simu, huyu mmoja ananinyima raha. Mtafute leo kwa udi na uvumba."

"Nimeshamtafuta, daktari."

"Hebu mpigie mbele yangu. Labda wewe wanakukwepa!" Akacheka, akavuta kiti, akafungua faili. "Namba ya ndugu wa karibu hii hapa."

Angeweza kubonyeza namba ya uongo. Bingwa angeondoka zake, na neno lile lingeingia kwenye mwongozo, lisomwe na watu wanaoamua nani akatwe na nani aachwe. Alilijua hilo fika, na bado moyo haukumruka hata kidogo. Akainua simu ya mezani, akabonyeza tarakimu moja moja bila kutazama faili.

Simu ikaanza kuita ndani ya mkoba wake, chini ya meza.

Bingwa akatazama chini, kisha akamtazama yeye. Mama Simu akaitoa, akaipokea, akawa na simu kwenye kila sikio.

"Habari za asubuhi," akasema kwenye ile ya mezani. "Napiga kutoka wodi ya upasuaji. Tunamuulizia mgonjwa wetu." Kisha kwenye ile ya mkononi: "Amefariki. Dada yangu amefariki, mwaka wa tano sasa."

Bingwa akazichukua simu zote mbili mikononi mwake taratibu. Kuhusu makala hakutaja neno.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipa pole, daktari."

Bingwa akamsogezea fomu na kalamu. Akangoja mpaka ameandika Amefariki, na tarehe. "Pole sana, mama," akasema, na Mama Simu akalia kwa sauti hadi wauguzi wakaja mlangoni.