Udongo Mweusi Kwenye Ringi

Juzi mwanangu wa mwisho alinichukua kwa gari lake tupande Newala kutoka Masasi. Barabara ilipomnyookea akakanyaga mafuta, na mara kiti kikaanza kutetemeka chini yangu. Nikamwambia apunguze. Akapunguza, kikatulia. Akakanyaga, kikaanza tena. "Usukani nao unacheza?" nikamuuliza. Akasema umetulia. "Basi ugonjwa uko nyuma," nikamwambia. Akanitazama kama mtu aliyesikia kuku akisoma gazeti. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma kwa vipande, siku za kuteka maji siendi, siku za korosho siendi. Sikumweleza nilikojulia. Wewe nakueleza.

Nilikulia kwa bibi mzaa baba, ukingoni kabisa mwa Newala, pale ardhi inapokatika ukaliona bonde la Ruvuma lote liko chini. Mama alifariki sijajua kumwita. Baba alikuwa dereva, na dereva ni mgeni nyumbani kwake. Ilikuwa ile miaka ya ruksa: mitumba imejaa gulioni, sabuni za kunukia zimerudi madukani, na wafanyabiashara wa mikoa mingine wanakuja na magari yao kununua korosho. Baba aliendesha pikapu ya mmoja wao. Kwa mwezi alilala kwetu usiku mmoja, akaondoka sijaamka. Nilikuwa nakwenda kulinusa shuka lake. Lilinuka dizeli. Jioni wenzangu waliitwa na mama zao mmoja mmoja, nami nikabaki uwanjani nasikiliza majina ya watu.

Msimu mmoja pikapu ikaugua. Kwenye mchanga wetu hukujua kitu, maana huko kila gari linatetemeka. Lakini ikishuka Masasi ikashika lami ya kwenda Ndanda, ikifika themanini, kiti kinatikisika mpaka meno yanagongana. Chini ya hapo, shwari. Tajiri akaogopa kuipakia mzigo wa Dar es Salaam. Akaamuru ikae uwanjani kwetu mpaka ipone.

Sijui nikwambieje furaha yangu. Baba akawa anakula nasi ugali wa muhogo na kisamvu, analalamika chumvi, anakoroma. Bibi alinitania, "Mke mwenzangu, leo umepata mume, mimi hunioni tena."

Fundi alipanda kutoka Masasi na mfuko wake wa spana. Ndiye aliyenifundisha bila kujua. "Usukani ukicheza, tazama mbele. Kiti kikicheza, tazama nyuma." Yeye na baba wakaishusha propela, lile bomba la chini linalozungusha magurudumu ya nyuma, wakabadili krosi za viungo vyake, wakaenda kujaribu kwenye lami. Wakarudi, kiti bado kinatikisika. Siku ya tatu fundi akasema huenda ekseli imepinda, akaondoka.

Siku ya nne nilitambaa chini ya gari kutafuta yai, maana kuku wa bibi alikuwa ameshahamia huko. Nikaona ndani ya ringi ya nyuma donge limeganda upande mmoja, kubwa kama mkate. Nikalimega. Lilikuwa udongo mweusi wa wafinyanzi, na huku juu kwetu udongo ni mwekundu. Nikakumbuka baba alivyotusimulia kwamba gari lilinasa kwenye tope la bondeni alipofuata mpunga. Ukakaukia humo humo, kwa sababu Newala ya wakati ule hakuna mtu aliyeosha gari. Maji tuliyafuata bondeni alfajiri, ndoo kichwani, kurudi ni mlima mtupu. Bibi alininawisha uso kwa kikombe, na maji yale yale yakaenda kwenye mche wa mpapai. Fundi wa penye mto angeanza kwa kuosha. Wetu alianza kwa spana.

Na nilielewa, usidhani sikuelewa. Tulicheza sana pia, kile kidude cha mti kinachozungushwa kwa kamba. Ukiibandika pia nta ubavuni, ikizunguka taratibu huoni kitu. Ikikaza mwendo inatapatapa. Nilielewa vizuri, nikanyamaza. Gari likipona baba anaondoka.

Siku ya nane tajiri akaja mwenyewe. Majirani walikuwa kwetu wanabangua korosho na bibi, mikono imejaa majivu.

"Dereva, sema kweli. Umelitupa gari korongoni ukapinda ekseli, halafu unanificha."

"Wallahi, tajiri, sijatumbukia popote."

"Mlevi na dereva," akasema jirani mmoja bila kuinua macho, "wote hodari wa kuapa."

Watu wakacheka. Baba akatazama viatu vyake. Tajiri akasema kesho jioni anataka ufunguo, na atawaambia wenye magari wenzake wasimpe kazi.

Baba hakugusa chakula. Nikaenda nikasimama mbele yake. "Baba, kwenye ringi ya nyuma kuna udongo."

Akainama chini ya gari muda mrefu. Alipotoka akaniuliza, "Umeuona lini, mama?"

"Siku ya yai."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Akamwomba bibi ndoo ya maji. "Ya nini?" "Ya gari." Bibi akacheka kwa hasira. "Mimi siku ya pili sijaoga, leo gari lioge? Hebu liulize, sabuni nayo linataka?" Lakini akatoa nusu ndoo. Baba akalikwangua donge kwa panga, akaisuuza ringi, na mimi nikamshikia kata.

Asubuhi aliniketisha kando yake, tukateremka Masasi mpaka kwenye lami. Themanini. Tisini. Mia. Kiti kimetulia kama mkeka. Baba akawa anacheka peke yake, akanishika kichwa. "Umeniponya, mama." Machozi yalinitoka, akadhani ni upepo, akanifungia kioo.

Wiki ile ile akapakia mzigo wa Dar es Salaam. Mwanzo alirudi kila mwezi, baadaye kila Idi, baadaye ikaja barua, mwalimu akatusomea kwamba ameoa huko na ana mtoto. Bibi akaomba isomwe tena, kisha akaenda kupembua mbaazi.

Sasa uwanja ule ni wa watu wengine, wamejenga duka. Gari wanaliosha kwa mpira, maji yanapotea barabarani. Wanaobangua korosho kwa moto uwanjani nao siwaoni. Bibi alipofariki niliwapa habari watu wa mabasi, na baba akafika matanga yamekwisha, mzee, miwani machoni. Tulikaa barazani tangu asubuhi. Tulizungumza habari za barabara: wapi pameharibika, wapi wameweka lami. Ilipofika adhuhuri tulikuwa tumezimaliza zote.