Dawa Isiyolaza

Harufu ya kahawa mnayoijua ninyi, ile inayotoka kwenye birika, siyo ninayoisema mimi. Nasema harufu ya kahawa kavu ikiwa bado na ganda lake, imejazwa kwenye magunia ya katani, imepangwa mpaka karibu na dari ndani ya chumba anacholala mtoto. Ina vumbi jembamba linalokaa kwenye blanketi, kwenye nywele, kwenye kope. Kwetu milimani Mbinga, kila mwaka kuanzia mwezi wa sita, tukishachuma, kumenya, kuosha na kuanika kwenye chanja, baba aliingiza kahawa ndani kwa kuogopa wezi, na chumba chenye dirisha dogo kuliko vyote kilikuwa changu. Nikalala ubavuni mwa magunia yale tangu nikiwa na akili ya kukumbuka. Na kila msimu, kabla jua halijapanda, nilikuwa nimeshapiga chafya mpaka mbavu zinauma, pua inachuruzika, macho yanawasha mpaka natamani kuyang'oa niyasuuze. Siku nyingine mwili mzima ulitoka mabaka yaliyovimba. Yalianza mapajani, yakahamia tumboni, yakapotea yenyewe, halafu nikiwa nimeshafurahi yakarudi mgongoni, mahali ambapo mkono haufiki.

Sasa niambieni, nani angethubutu kuisema kahawa vibaya katika nyumba ya Mmatengo? Siku moja tu nilijaribu. Nilikuwa darasa la tano. Nikamwambia baba kwamba nadhani ni vumbi la magunia. Baba aliacha kula, akanitazama kama niliyemtukana mbele ya wageni. "Babu yako alilala na kahawa. Mimi nimelala na kahawa. Hiyo sketi uliyovaa ni kahawa. Wewe ni nani hata kahawa ikukatae?" Basi, yakaisha. Kuanzia hapo nikawa na minyoo, nikawa na mafua ya kurithi, nikawa nadeka. Shangazi mmoja alisema nimezidi kuoga. Kila kitu duniani kiliweza kunidhuru isipokuwa yale magunia kumi na kitu yaliyokuwa yananipumulia usoni.

Shuleni kulikuwa na Mwalimu Hyera, mwalimu wa afya, mtunzaji wa sanduku la huduma ya kwanza na mtunzaji wa fimbo. Sikosei kuviweka pamoja, maana na yeye aliviweka pamoja, kwenye kabati moja. Asubuhi wakati wa mstari akinisikia napiga chafya aliniita mbele, akanipa kidonge kidogo cha njano, wakati mwingine viwili, akasimama mpaka nimemeza. Chafya zilipungua, siwezi kumsingizia. Lakini ilipofika kipindi cha tatu kichwa changu kilikuwa kizito, maneno ya ubaoni yanaelea, na kabla sijajua nimeshalaza shavu kwenye dawati. Hapo ndipo alipokuja yule yule Mwalimu Hyera na fimbo. "Skolastika! Nyumbani kwenu hamna vitanda?" Darasa zima linacheka. Mkono ulionipa dawa ya kulaza asubuhi ndio ulionichapa kwa kulala saa nne. Na hakuna mtu mzima hata mmoja, mwalimu, mzazi wala katekista, aliyekaa chini akaunganisha hayo mambo mawili. Kwenye ripoti ya muhula waliandika kwamba nina akili ila ni mvivu na msinziaji. Baba akaisoma kwa sauti, nikachapwa tena. Mpaka leo nikiikumbuka ile ripoti damu inanichemka.

Likizo ya mwezi wa sita, nikiwa darasa la saba, mama alinipeleka Liuli kwa watu wake. Mama alikuwa Mnyasa wa pwani ya ziwa, aliyeolewa milimani, na mdogo wake, mama mdogo Tekla, alikuwa nesi. Tulishuka kupitia Kingerikiti na Tingi tukiwa na gunia la mahindi na maharage, zawadi kwa bibi, mama yake mama. Siku ya nne nikagundua kwamba sijapiga chafya. Nilikula usipa, dagaa wa kule, mpaka bibi akacheka, nikaoga ziwani, nikalala kwenye mkeka nikaamka pua kavu. Nikaanza kuamini kwamba labda kweli nilikuwa nadeka. Kumbe siku hiyo hiyo bibi akaniambia nikung'ute lile gunia la zawadi, ahifadhie mihogo. Lilikuwa gunia la kahawa la mwaka uliopita. Nilikung'uta mara tatu tu. Dakika chache baadaye nilikuwa nimevimba mabaka kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, nikipiga chafya mfululizo, na mama mdogo Tekla amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akitazama gunia, akinitazama mimi, akilitazama tena gunia.

"Dada," alimwambia mama, "huyu mtoto ana aleji ya kahawa, na ninyi mnamlaza nayo chumba kimoja?" Mama alishika mdomo. Akaanza kueleza habari za vile vidonge vya njano, na mama mdogo akazidi kukasirika. Nilishangaa sana, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu mzima kukasirika kwa ajili yangu badala ya kunikasirikia. Akanishika mkono hadi hospitalini, daktari akanipima, akaniuliza mengi, akaniandikia vidonge vyeupe.

Jioni ile mama mdogo aliniketisha kwenye kigoda akanipa maelezo ambayo ningeweza kuyasema hata mngeniamsha sasa hivi. "Kimoja kwa siku, Skola mwanangu. Kinakaa mwilini usiku na mchana, kwa hiyo hata ukiwashwa usiongeze cha pili. Na usikichanganye kamwe na vile vya njano, maana kazi yao ni moja, ila vile vinalaza na hiki hakilazi. Ingawa wapo wachache ambao hata hiki huwasinzisha, kwa hiyo kesho na keshokutwa hupandi mtumbwi wa mjomba, tunakuangalia kwanza. Na nisikilize vizuri hapa. Siku midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, hiyo siyo kazi ya kidonge tena. Mkimbie hospitali saa ile ile, asikuambie mtu lala kwanza." Kisha akamgeukia mama. "Na hayo magunia yatoke chumbani. Dawa haiwezi kushindana na ujinga kila usiku."

Magunia hayakutoka. Baba alisema wezi hawaugui aleji. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kubishana, alinihamishia nyumba ya jikoni bila kuomba ruhusa ya mtu, akanitandikia karibu na mafiga. Nikameza kidonge changu kimoja kila asubuhi. Na mimi, msinziaji mkuu wa shule, nikawa macho! Mwezi wa saba na wa nane nilisikia masomo ambayo nadhani yalikuwa yakifundishwa siku zote. Kwenye mtihani wa majaribio nikawa wa kwanza kwa wasichana na wa pili kwa darasa zima. Mwalimu mkuu alisema mbele ya wazazi kwamba kama kuna mtoto wa kwenda sekondari mwaka ule ni Skolastika. Baba alirudi nyumbani akipiga mluzi. Lakini Mwalimu Hyera hakuipenda dawa yangu. Aliigeuzageuza ile pakiti kiganjani akauliza, "Ukimeza unalala?" Nikasema hapana, mwalimu. "Basi hii siyo dawa," akasema, "dawa lazima mwili uisikie." Na msidhani lilikuwa wazo lake peke yake. Kijiji kizima kilipima dawa hivyo. Sindano isiyouma, kidonge kisicholewesha, mchanganyiko usio mchungu, vyote viliitwa maji.

Shule yetu ilikuwa na shamba lake la kahawa, na chumba kilichochaguliwa kwa mtihani wa taifa ndicho kilichokuwa kimehifadhi kahawa ya shule msimu mzima. Waliihamisha jana yake jioni, wakatuambia sisi watahiniwa tufagie. Tukafagia. Nadhani hamna haja ya kuambiwa niliamkaje. Nilikuwa nimemeza kidonge changu, na kwa kweli hali haikuwa mbaya, mabaka machache mikononi na chafya za hapa na pale. Ningevumilia. Ningefanya ule mtihani huku najikuna, na ningefaulu. Lakini Mwalimu Hyera alinisikia mstarini, akaja na kopo lake na kikombe cha maji.

"Utawasumbua wenzako humo ndani. Meza."

"Mwalimu, nimeshameza ile nyeupe. Mama mdogo amesema nisichanganye."

"Mama yako mdogo ndiye anayefundisha hapa? Ile si dawa. Meza, nione."

Vilikuwa viwili. Na mimi nilikuwa mtoto niliyelelewa. Ningesemaje? Kwetu mtoto hamwambii mwalimu hapana, anasema ndiyo mwalimu, na mimi nilisema ndiyo mwalimu, nikameza. Karatasi ya kwanza ilikuwa Hisabati. Nakumbuka swali la kwanza mpaka la sita. Swali la saba nalikumbuka nusu. Kisha nakumbuka msimamizi mgeni akigonga dawati langu kwa kalamu na kusema muda umekwisha binti, na karatasi yangu imelowa mate. Hakuwa na kosa yule. Aliambiwa na Mwalimu Hyera mlangoni kwamba huyu ni kawaida yake kusinzia.

Karatasi zilizofuata hazikuziba pengo lile, na majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa ofisi ya kata, langu halikuwepo. Baba hakunichapa, na afadhali angenichapa. Alisema tu, "Walishaandika kwamba ni mvivu," akachukua jembe. Enzi zile aliyeshindwa darasa la saba ndiyo basi tena, hakuna kurudia, kaolewe au kalime. Mama alilia siku mbili. Siku ya tatu akafunga kitenge akashuka Liuli, akarudi na mama mdogo Tekla. Wakafanya walichofanya wazazi wengi wakati ule, na sitawaomba radhi kwa niaba yao. Kulikuwa na binti wa ndugu yao, Edna, aliyemaliza darasa la sita kisha akahamia Kyela na wazazi wake. Jina lake lilikuwa bado kwenye daftari la shule kule ziwani. Januari nikaingia darasa la saba Liuli. Mwalimu akaita, "Edna!" Kimya. Akaita tena. Jirani yangu akanifinya. "Nipo, mwalimu," nikasema. Nimekuwepo hivyo mpaka leo. Edna alifaulu, Edna akaenda sekondari, Edna akasomea dawa, na beji ninayovaa kazini imeandikwa Edna.

Sasa niko nyuma ya kaunta ya duka la dawa mjini Mbinga, na mnaweza kudhani dunia imebadilika. Kile kidonge cheupe ambacho mimi nilikipata kwa kushuka mpaka ziwani leo kipo kila duka, na bei yake haimshindi mtu. Lakini juzi mama mmoja amenirudishia pakiti. "Dada Edna, hii haina nguvu. Mtoto amekunywa, bado anacheza." Mama wa watu, si ndiyo vizuri? Alitaka mtoto alale! Akakiri pia kwamba alimpa kidonge kizima cha mtu mzima, mtoto wa miaka mitatu, badala ya kurudi kuulizia dawa ya maji na kipimo chake. Bodaboda anakuja anapiga chafya kwa vumbi, anataka ile ya njano, kali, halafu anateremka na abiria kwenye kona za kwenda Mbamba Bay. Mwingine anameza nyeupe asubuhi, njano mchana na pombe jioni, kisha anashangaa. Nauliza: una mimba? unanyonyesha? figo zako zikoje? kuna dawa nyingine unayotumia? Wananitazama kama wanavyomtazama askari wa barabarani. Nasema yale yale ya mama mdogo, kila siku, kwa sauti ambayo wenzangu wanasema ni ya ukali. Ni ya ukali. Nina sababu.

Mama alifariki mwaka jana. Wenzangu wa dukani walikodi gari wakaja kunizikia mama, na nawashukuru. Historia ya marehemu ilisomwa na Mwalimu Hyera, mstaafu sasa, kwa kuwa ndiye mwenye sauti kijijini. Alipofika kwenye watoto akasoma, "Ameacha mtoto mmoja, Skolastika." Niliwaona wenzangu wakitazamana. Walikuwa wamekuja kumfariji Edna, na Edna hakuwa mtoto wa marehemu. Baada ya mazishi, tukiwa tunakula, mwalimu akaja kunipa pole, akawaambia wageni wangu akicheka kwa upendo, "Huyu alikuwa na kichwa, ila kusinzia! Sijui ulikuwa ugonjwa gani ule."

"Ulinipa wewe, mwalimu," nikasema. "Kila asubuhi. Na siku ya mtihani ulinipa viwili."

Alikuwa bado ameshika sahani. "Nilikuwa nakusaidia," akasema. Na ni kweli, ndicho kinachoniudhi kuliko vyote. Aliondoka taratibu, na mimi sikumwita.

Mwenzangu mmoja akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Edna, huyo Skolastika ni nani?"

Nikamwambia ni mtoto mmoja wa hapa hapa, walimlaza siku ya mtihani na hajaamka mpaka leo.