Mtani wa Polikarpo na Safari ya Ndola

Mwaka wa hamsini na nne Mtoni ilikuwa na wasichana wadogo watatu walioitwa Nesi. Hilo ndilo jina walilopewa na baba zao siku ya saba, mbele ya watu, ubani ukifuka. Wote watatu walipokelewa duniani na mikono ya mwanamke mmoja, Genoveva, ambaye mtaa mzima ulimwita Nesi, Mnyamwezi wa Tabora, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima yote bila kuruka siku, mke wa Polikarpo seremala. Ungemuuliza mwenyewe habari ya majina hayo angekwambia watu wa Mtoni ni wavivu wa kufikiri. Lakini Idi haikupita bila kila Nesi kupata gauni, na aliyeyashona magauni hayo alikuwa yeye.

Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na mdomo wake haukuwa na breki. Kila alfajiri alitoka na baiskeli, sare nyeupe imekunjwa ndani ya kikapu isishike vumbi la barabara ya Kilwa, akaenda mjini kwenye hospitali aliyoajiriwa. Miaka tisa alifanya kazi huko. Alifua mashuka, akachemsha vyombo, akabeba mabeseni, na mama akishikwa na uchungu hasa, Genoveva aliambiwa apishe. Kuzalisha alikuwa amekusomea na cheti alikuwa nacho, kimefungwa kitambaa, kimewekwa chini ya nguo za watoto. Lakini wodini kulikuwa na wakubwa waliotoka Ulaya, na Mwafrika kazi yake ilikuwa kushika taa. Mwingine angekwisha kummwagia mtu beseni. Yeye alirudi Mtoni jioni, akala, akavaa sare upya, akazalisha wake za majirani zake kwa ukaidi tu.

Barua ilipokuja, aliisoma mara nne akiwa amesimama jikoni, ugali ukaungua. Hospitali moja ya mgodi wa shaba, karibu na Ndola huko Rodeshia ya Kaskazini, ilikuwa ikitafuta mkunga anayejua Kiswahili, maana wafanyakazi wengi walitoka Tanganyika na wake zao walikuwa wakihangaika kwa kutoelewana na manesi. Sista mmoja wa misheni ndiye aliyelipeleka jina lake. Aje na mume na watoto, barua ilisema. Nauli ya wote ipo, nyumba ya matofali ipo, shule ipo. Na wodi ya wazazi atakabidhiwa yeye, awe mkubwa wake.

Polikarpo alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huko watu wanalala chini?"

"Wanalala vitandani."

"Basi kazi ipo," akasema, akatoka kwenda kuzipaka mafuta randa zake. Genoveva alibaki jikoni akilia kwa furaha, peke yake, na sufuria iliyoungua. Alimpenda sana mwanamume huyu. Wanaume aliowajua yeye wangekaa wiki nzima wakiulizana nani mkuu wa nyumba.

Mambo yangekwenda hivyo hivyo mpaka Ndola, kama si Mwishehe.

Mwishehe alikuwa Mzaramo, mshona makuti, nyumba ya tatu kutoka kwao, na baba wa mmoja wa akina Nesi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Atakutukana mbele ya wakwe zako. Atachukua kuku bandani kwako mchana kweupe. Ukifiwa, ataingia kaburini akatae kutoka mpaka apewe chochote. Nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Kwa Mwishehe na Polikarpo jambo hili lilikuwa kama chakula. Asubuhi ilikuwa haijaanza mpaka mmoja amsimamishe mwenzake njiani.

"Mpagazi we, mzigo wa Mwarabu umeuteremsha wapi? Mpaka leo anautafuta."

"Niliuweka chini nikaja kukuamsha wewe uliyelala ngomani."

Wakishamaliza, kila mtu alikwenda kazini kwake ameridhika. Genoveva aliwahi kumwomba Mungu awape watu wale japo Jumapili moja ya kunyamaza.

Mwishehe aliposikia habari ya Ndola, alikuja karakanani, akakaa juu ya mbao. "Kazi ameitiwa nani? Wewe au mkeo?"

"Mke wangu."

"Na wewe je?"

"Mie namfuata."

Mwishehe akainuka. Alikwenda nyumbani, akarudi na kanga ya mkewe na wazee wawili wa kumwitikia. Akamtandika Polikarpo kanga mabegani, akajifanya kungwi, akaanza kumfunda. Bi harusi, ukifika kwa mumeo uamke mapema. Umchemshie maji. Akirudi kazini usimkalie mlangoni na maneno ya majirani. Akikupa fedha ya mboga, sema ahsante bwana. Watu walijaa, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Polikarpo naye alicheka, kanga mabegani, randa mkononi. Genoveva alicheka kuliko wote. Hilo alikuja kulijutia sana.

Kesho yake Mwishehe akaja tena. Keshokutwa akaja na mpiga ngoma. Siku ya nne mteja mmoja aliyeleta mlango, mtu wa Kipawa ambaye hakuwa mtani wa mtu yeyote hapo, akaita toka barabarani, "Bi harusi, mlango wangu tayari?" Hapo Polikarpo akaivua kanga, akaitupa chini, akamtazama Mwishehe na umati wote.

"Siendi," akasema. "Sikieni wote. Aende mwenye kazi. Mie nina nyumba yangu hapa."

Jioni Genoveva alijaribu maneno yote aliyokuwa nayo. Akamwambia wale walikuwa wanacheza. Polikarpo akajibu kwamba hao hao wanaocheza ndio aliokula nao miaka tisa, na kama huko mgodini watu hawatacheza, basi watakuwa wanasema kweli, nayo itakuwa mbaya zaidi. Genoveva akamwambia ana kazi mikononi, atakula jasho lake popote. Polikarpo akajibu kwamba amesema mbele za watu. Baada ya hapo alilala, au alijifanya amelala, na Genoveva akabaki na barua yake. Alikuwa ameshaijibu na kutia saini. Alikuwa ameshaandika notisi hospitalini. Tarehe ya treni ilikuwa wiki tatu mbele.

Alikwenda kwa Mwishehe siku iliyofuata, akamkuta barazani anashona makuti, mkewe Mwanahawa pembeni anachagua mchele.

"Mtani, umeniulia nyumba," akamwambia bila hata kubisha hodi.

Mwishehe akaanza kutafuta neno la mzaha, midomo ikawa tayari. Kisha akaona uso wake, akaweka kuti chini. "Si amekataa?" akasema. "Basi mnabaki. Nani ameuliwa nyumba?"

"Nani kakwambia nabaki?"

Hapo ndipo Genoveva alipoona kumbe mtu huyu alikuwa amekusudia. Mwishehe akazungumza kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya kawaida kabisa. Akasema alijua mwanamke haendi nchi ya watu bila mumewe. Akajisemea, nikimkataza nesi hatanisikia, lakini nikimchekesha mumewe mpaka aone haya, wote wamebaki. "Kama si wewe, huyu hapa angekufa," akasema, akionyesha kwa kidevu kule aliko mkewe, "na mtoto angekufa. Mmoja bado anakuja, mwezi wa tisa. Na asubuhi, mtani, mie nitamsimamisha nani pale njiani?" Mwanahawa aliinamia ungo wake, machozi yakadondokea mchele.

Genoveva alitamani kumkasirikia zaidi, akashindwa. Akaketi ukingoni mwa baraza. "Sikiliza," akasema. "Mie nimeshika taa miaka tisa, wenzangu wakizalisha watu wangu. Siwezi wa kumi. Nitakwenda. Nitakwenda na watoto, Adelina na Kasimiri, na mume wangu atabaki hapa kwa neno alilolisema kwa ajili ya kanga yako. Mwaka wa kwanza tutaandikiana. Wa pili sijui. Umetutenganisha kwa mzaha, mtani, na wala siruhusiwi kununa."

Mwanahawa akamwambia mumewe, taratibu, "Ondoka ukarekebishe."

Siku hiyo hiyo Mwishehe alikwenda karakanani na jogoo wake mwekundu. Alivua kofia. Watu waliokuwa karibu walijongea wakingoja kichekesho. "Bwana Polikarpo," akasema, "nimekukosea. Naomba radhi."

Polikarpo akaacha kupiga randa. Mtani haombi radhi. Anatozwa, anatoroka, anageuza kibao, lakini haombi. "Tangu lini mie ni Bwana?" akauliza.

"Nimevuka mpaka. Nenda na mkeo. Nisamehe."

"Yamekwisha," akasema Polikarpo. Akampokea jogoo. Lakini neno lake kuhusu safari hakulibadilisha, kwa sababu lilikuwa limesemwa mbele za watu na radhi ya Mwishehe haikuweza kulirudisha. Wanaume wengine ni wagumu namna hiyo hata pale wanapotaka kulia.

Na tangu siku hiyo Mwishehe akawa na adabu. Kila asubuhi: "Umeamkaje, Bwana Polikarpo? Watoto hawajambo? Kazi njema." Halafu anapita. Polikarpo alijaribu mara moja kumchokoza kuhusu makuti yanayovuja. Mwishehe akajibu kwamba ni kweli, atajitahidi kuyashona vizuri zaidi. Siku hiyo Polikarpo alirudi nyumbani mapema, akala kidogo, akawatazama watoto wakifungasha madaftari yao.

Genoveva alifunga mizigo kimya kimya. Hati ya safari ilikuwa ya watu wanne. Alipaswa kwenda kurudisha nafasi moja, na kila siku alijiambia atakwenda kesho. Aliibana hati hiyo kifuani, ndani ya nguo, hata jasho likailainisha pembeni. Usiku wa mwisho mumewe alimpigia misumari sanduku la vyombo, akalipiga vizuri mno, misumari mingi kuliko ilivyohitajika.

Stesheni palikuwa na vumbi na kelele. Treni ingewafikisha Morogoro, toka pale basi la Relwe hadi Mbeya, na mbele yake Tunduma. Mzaramo mmoja mwanamke alikuwa ameshika sufuria ya familia ya Kinyamwezi ya Nzega, akidai hawaondoki mpaka wamkomboe, na wenye sufuria walikuwa hoi kwa kicheko. Polikarpo aliangalia hilo kwa muda mrefu. Alikuwa amembeba Kasimiri, suruali yake ya kazi ina unga wa mbao magotini, na hakuwa na mzigo wowote.

Mwishehe alikuja na kanzu safi. Aliwapa watoto madafu, akaagana na Genoveva kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia Polikarpo. "Pole kwa upweke, Bwana Polikarpo," akasema. "Nimemwambia Mwanahawa atakuletea chakula. Jioni nitakuwa nakupitia, tukae, usione tabu."

Genoveva aliuona uso wa mumewe. Maneno yale yalikuwa mema, na Mwishehe aliyasema kwa moyo, na ndiyo yaliyomvunja. Pale alipokuwa amesimama, mtu wa kutukanwa amegeuka mtu wa kuhurumiwa, na jioni zote zilizobaki zikawa zinamngoja pale barazani, na sahani ya kufunikwa. Filimbi ikapigwa. Genoveva akapanda na Adelina, akanyoosha mikono dirishani apewe mtoto.

Polikarpo hakumpa. Alipita mlangoni na Kasimiri kifuani, akapanda naye, akaja kusimama mbele yake katikati ya mabegi ya watu, anahema.

"Una nafasi yangu?" akauliza.

Genoveva aliingiza mkono kifuani, akatoa hati ile iliyolainika kwa jasho, akamwonyesha jina lake.

"Na randa zako?" Genoveva akauliza baadaye. "Misumeno yako yote?"

"Vyote namwachia mtani. Atajua mwenyewe." Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa maneno machache na aliona mkewe anangoja, akaongeza: "Karibu wiki tatu ananisalimia kama karani wa boma, Genoveva. Nikasema, wewe umeondoka, na huyu kaniheshimu. Sasa pale Mtoni nabaki na nani?"

Treni ilianza kusogea. Kwenye jukwaa Mwishehe alikuwa amesimama mahali pale pale, madafu mawili yaliyobaki yamening'inia mkononi, uso wote umelowa, kamasi mpaka kwenye masharubu, hajijui. Polikarpo akatoa kichwa na mabega dirishani.

"We Mzaramo," akapaza sauti hadi behewa zima likageuka, "futa makamasi, unaaibisha wazee wako!"

Mwishehe akainua mkono, akafungua mdomo amjibu. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena, kisha akaanza kutembea kando ya treni, akipangusa uso kwa mkono wa kanzu, mpaka jukwaa likaisha.

"Kanijibu nini?" akauliza Polikarpo. "Magurudumu yamenizibia."

"Amekutukana," akasema Genoveva. "Matusi mabaya sana." Akasogeza kikapu akampa nafasi ya kukaa, na mumewe akakaa.