Bisibisi Sikioni

Zamani gari likiugua lililia na fundi akalisikiliza. Siku hizi linakaa kimya, na kimya chake kinaua.

Fundi wa jirani tulimwita Sikio kwa sababu aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, kisha akakutajia chuma kinachokufa. Gereji waliachiwa na baba yao, yeye na mdogo wake. Mimi nilishona viti vya magari chumba cha pili, ukuta mmoja.

Serikali ikatangaza: peleka gari kuukuu likapondwe, upunguziwe ushuru wa gari la umeme, au lile la mseto lenye injini na betri kubwa. Wateja wakayoyoma. Mdogo mtu akaenda kozi ya bure ya magari ya umeme, akarudi na glavu za mpira zinazofika viwikoni. Sikio akamuuliza kama kasomea ufundi au ukunga.

Gari la kwanza la mseto lilipoingia, mdogo alifungua kifuniko cha betri. Sikio akachukua spana. Hiyo ndiyo desturi ya mafundi wa rika letu: unaigusisha vichwa viwili vya betri, cheche ikiruka, ina uhai.

"Kaka, acha. Hiyo inaua."

Sikio alimgeukia, akampiga ngumi ya mdomo. Jino likadondoka kwenye oili. "Nilikufundisha kushika spana ukiwa bado unajikojolea," akamwambia. Kisha akaegemeza mkono mmoja kwenye betri, kwa wa pili akaigusisha spana.

Mwanga mweupe ulipasua gereji. Umeme ulimkamata akawa anatikisika, meno yanagongana, nyusi zinaungua. Mdogo wake, damu ikimchuruzika kidevuni, alinyakua gongo la mbao la kuzuilia lango, akaupiga ule mkono wenye spana. Haukuachia. Akaupiga tena kwa nguvu zote. Nilikuwa nimefika mlangoni. Nilisikia mfupa ukikatika. Sikio akaanguka chali, anapumua.

Mkono uliunga ukiwa umepinda. Akawa anawaambia watu kwamba mdogo wake alimvunja makusudi, amnyang'anye gereji. Siku moja alikuja na nyundo mkono wa kushoto, akavunja vioo vyote vya gari la mteja. Mdogo alimbwaga chini, akamkalia kifuani.

"Ningeitaka gereji, kaka, si ningekuacha pale pale ukauke?"

Sikio akamtemea mate usoni. Kesho yake akasema pikapu waliyoachiwa na marehemu baba ipelekwe ikapondwe.

Mara ya mwisho niliwaona kwenye uwanja wa kupondea magari. Pikapu ilikuwa chini ya bamba la chuma, boneti wazi, injini inanguruma. Sikio alikuwa ameinama na bisibisi yake sikioni, mdogo yuko kwenye ufunguo.

"Zima," akasema Sikio.

Injini ikanyamaza. Yeye akaendelea kusikiliza. Mdogo alishuka, akamshika kola akamvuta atoke chini ya bamba. Akapigwa kofi, halafu la pili, hakumwachia mpaka wakawa nje. Bamba likashuka.